Kwa Nini Gemu za Zamani Zina Watazamaji Wengi Kuliko Wachezaji

Tarehe 12 Februari 2014, mtaalamu mmoja wa kompyuta ambaye hakujitaja jina alirusha gemu ya Pokémon Red moja kwa moja kwenye Twitch, mtandao wa kutazama watu wakicheza gemu. Gemu hiyo ilikuwa imetoka Japani mwaka 1996. Yeye mwenyewe hakuicheza. Alitengeneza programu ya kusoma kile ambacho watazamaji wanaandika kwenye gumzo: ukiandika amri ya kwenda juu, mhusika anapiga hatua juu, ukiandika ya kushoto, anageuka kushoto. Kwa siku 16 maelfu ya watu walimvuta mhusika huyo mmoja huku na huko. Aligonga kuta, akazunguka mahali pamoja kwa saa nyingi, hadi tarehe 1 Machi gemu ilipomalizwa. Watu takriban milioni 1.16 waliandika walau amri moja. Saa ya kilele walikuwepo watazamaji 121,000 kwa pamoja, na matangazo hayo yalifunguliwa zaidi ya mara milioni 55.

Wachezaji walikuwa wangapi? Nakala ya gemu ilikuwa moja na mhusika mmoja, kwa hiyo unaweza kusema mchezaji alikuwa mmoja. Unaweza pia kusema walikuwa milioni moja na ushee. Au useme hapakuwa na mchezaji hata mmoja, maana hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumfikisha mhusika popote kwa mkono wake peke yake.

Nimeanza na mkasa huo kwa sababu swali letu, kwa nini gemu za zamani zina watazamaji wengi kuliko wachezaji, huwa linajibiwa haraka mno. Mtu anaona gemu ya miaka 25 au 30 iliyopita, anaona video zake zinatazamwa na mamilioni, kisha anaona kwamba wanaoicheza leo ni wachache, naye anahitimisha papo hapo: gemu imekufa, hao wanaotazama wanaomboleza tu. Au anasema watu wamekuwa wavivu, hata kucheza wanataka wachezewe. Naamini hitimisho zote mbili ni potofu. Gemu inapozeeka, gharama ya kuicheza hupanda na gharama ya kuitazama hushuka, hilo ni kweli. Lakini kuna jambo la tatu ambalo halisemwi vya kutosha: kadiri miaka inavyopita, ndani ya gemu hiyo hurundikana ujuzi mwingi kiasi kwamba kuitazama kunakuwa na thamani ambayo siku ilipotoka haikuwepo kabisa.

Hesabu mbili zisizofanana

Kwanza tuziweke sawa takwimu, maana pengo tunaloliona limekuzwa na namna tunavyohesabu.

Mtazamaji wa video ni rahisi kuhesabika na hesabu yake haifutiki. Mtu akifungua video leo akaitazama kidogo tu, anaongezwa kwenye jumla. Akirudi mwakani, anaongezwa tena. Jumla hiyo hupanda tu, haishuki kamwe, na video iliyopakiwa mwaka 2009 bado inakusanya. Mchezaji hahesabiwi hivyo. Takwimu ya wachezaji inayonukuliwa zaidi ni ile ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, nayo inaonyesha walioifungua gemu kwa wakati mmoja. Yaani upande mmoja tunajumlisha wote waliowahi kupita, upande mwingine tunahesabu waliomo ndani sasa hivi. Ukilinganisha hizo mbili, hata gemu mpya yenye afya njema itaonekana imekimbiwa.

Halafu kuna wachezaji wasiohesabika kabisa. Mtu aliyechomeka kaseti ya mwaka 1991 kwenye mashine yake ya zamani hayumo kwenye takwimu yoyote. Anayecheza kwa emuleta, ile programu inayoifanya kompyuta au simu ijifanye mashine ya zamani, naye hayumo. Gemu hizo zilitengenezwa kabla mashine hazijaanza kupeleka taarifa kwa watengenezaji wake. Kwa hiyo idadi halisi ya wanaocheza gemu za zamani ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hata hivyo, hata ukiwaongeza wote hao, pengo linabaki.

Mlango wa kuchezea

Chukua Duck Hunt, gemu ya Nintendo ya mwaka 1984 ambayo unawapiga bata kwa bunduki ya plastiki. Bunduki ile haitoi chochote, inapokea mwanga. Unapovuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi sana, kisha mahali alipo bata panang'aa kwa weupe, na bunduki inaangalia kama imeelekezwa kwenye mwanga huo. Mpango mzima unategemea jinsi TV za chogo zinavyochora picha, mstari kwa mstari, bila kuchelewa. Ukiiunganisha na TV bapa ya leo, bunduki hiyo haifanyi kazi. Maana yake ni kwamba anayetaka kucheza Duck Hunt kama ilivyokusudiwa anahitaji mashine yenyewe, kaseti, bunduki na televisheni ya aina iliyokwisha kuacha kutengenezwa. Anayetaka kuitazama anahitaji simu.

Kila gemu kongwe ina kikwazo chake cha namna hiyo, hata kama si kikali kama hicho. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haziuzwi tena kwa njia yoyote ya kawaida. Mwaka huohuo, tarehe 27 Machi, Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U, na gemu zilizokuwa zikipatikana humo peke yake zikakosa mahali pa kununuliwa. Ukiitaka gemu ya aina hiyo, imebaki kutafuta nakala iliyotumika, au kwenda kwenye njia ambazo sheria haiziruhusu.

Ugumu wa gemu zenyewe nao ni kikwazo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 yote nzima ina ukubwa wa kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako inaizidi mara nyingi. Watengenezaji hawakuwa na nafasi ya kuweka mambo mengi, basi walirefusha gemu kwa kuifanya ngumu. Ukifa, rudi nyuma. Ukimaliza maisha yote, rudi mwanzo kabisa. Ghosts 'n Goblins, ya mwaka huohuo, inakutaka uimalize mara mbili ndipo ikupe mwisho wa kweli. Mtoto aliyekuwa na gemu mbili tatu kwa mwaka mzima alikuwa na subira ya kupambana nayo. Mtoto huyo leo ana zaidi ya miaka 40, ana kazi na majukumu, na mezani pake kuna gemu nyingi kuliko muda alio nao. Anaipenda bado. Ila jioni akiwa na saa moja ya kupumzika, hatarudi kufa mara 60 kwenye hatua ileile. Atafungua video ya mtu anayeipita.

Tena kuna faida moja ya kutazama gemu unayoijua: unaweza kuitazama huku unafanya jambo jingine. Njia unaijua, muziki unaujua, ukiinua macho baada ya dakika tano bado unajua uko wapi. Gemu mpya inakudai macho yote mawili. Nadhani sehemu kubwa ya saa zinazotazamwa ni za namna hii, na sioni ubaya wowote ndani yake.

Kinachoongezwa na miaka

Lakini vikwazo peke yake haviwezi kueleza kwa nini watu wanatazama. Viko vitu vingi vigumu kuvipata ambavyo hakuna anayehangaika kuvitazama. Hapa ndipo penye moyo wa suala lenyewe, na hapa ndipo Tetris inafundisha kuliko gemu nyingine yoyote.

Toleo la Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, la mashine ya NES ya Nintendo lilitoka mwaka 1989. Kila ukifuta mistari ya kutosha unapanda kiwango, na vipande vinaanguka kwa kasi zaidi. Ukifika kiwango cha 29, kipande kinashuka mraba mmoja kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye kioo, na mashine huonyesha takriban fremu 60 kwa sekunde. Uwanja una safu 20. Kwa hiyo kutoka juu hadi chini ni kama theluthi moja ya sekunde. Ukibonyeza kitufe cha pembeni na kukishikilia, kipande hakiwahi kufika ukutani kabla ya kutua. Kwa miaka mingi wachezaji waliamini gemu inaishia hapo. Haikuandikwa popote kwamba ndio mwisho, ila mikono ya binadamu ilikuwa imegota.

Mwaka 2011 Thor Aackerlund, bingwa wa tangu enzi za mashindano ya Nintendo ya mwaka 1990, alifika kiwango cha 30 kwa kuutetemesha mkono na kugonga kitufe upesi badala ya kukishikilia. Mwaka 2018 kijana wa miaka 16, Joseph Saelee, alitumia mbinu hiyo kumshinda Jonas Neubauer, aliyekuwa bingwa wa dunia mara saba, kwenye fainali ya mashindano ya dunia ya Tetris. Video ya fainali ile imetazamwa na mamilioni. Baadaye ikaja mbinu nyingine: kidole gumba kinakaa juu ya kitufe bila kubonyeza, na vidole vya mkono wa pili vinagonga mgongo wa pedi kwa zamu, kimoja baada ya kingine, hivyo kitufe kinasukumwa kutoka chini. Ukuta wa kiwango cha 29 ukawa si ukuta tena. Tarehe 21 Desemba 2023 Willis Gibson, mvulana wa miaka 13 kutoka Oklahoma anayejulikana kwa jina la Blue Scuti, alifika kiwango cha 157 na gemu ikaganda. Hesabu za ndani zilikuwa nzito kuliko mashine ilivyoweza kumaliza kwa wakati. Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, mchezaji mwingine, akitumia toleo lililorekebishwa ili lisigande, alivuka kiwango cha 255, na namba ikarudi sifuri.

Sasa fikiria mtu aliyetazama Tetris mwaka 1989. Angeona vipande vikianguka. Anayetazama leo anaona kipande kilekile, rangi ileile, lakini anajua kwamba mkono ule unafanya kitu ambacho kwa zaidi ya miaka 20 kilihesabiwa hakiwezekani. Kioo hakijabadilika hata nukta moja. Kilichobadilika ni kile tunachokijua kukihusu, na ujuzi huo ndio umeifanya Tetris ya 2023 kuwa tamasha ambalo Tetris ya 1989 haikuwa.

Gemu mpya haiwezi kuwa na kitu hiki. Haijajulikana vya kutosha. Hakuna anayejua bado mipaka yake iko wapi, kwa hiyo hakuna anayeweza kushangaa mpaka unapovukwa.

Super Mario Bros. inatoa mfano mwingine. Wanaoshindana kuimaliza kwa kasi waligundua kwamba mwisho wa hatua nyingi gemu haikuruhusu kwenda mbele wakati wowote. Inasubiri, na huangalia mara moja kila fremu 21, yaani kama sekunde 0.35. Ukiokoa fremu 10 hujaokoa chochote. Ukiokoa fremu inayokuvusha kwenda kwenye ukaguzi uliotangulia, umeokoa 21 kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo rekodi hazishuki kidogokidogo, zinashuka kwa ngazi. Mwaka 2021 mchezaji anayeitwa Niftski alikuwa wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 55, kwa 4:54.948, na mwaka 2023 akafika 4:54.631. Mtu asiyejua habari ya fremu 21 anaona katuni ikikimbia kulia kwa dakika tano. Anayejua, anatazama huku ameshika pumzi.

Na hao wanaojua si lazima wawe wachezaji. Hili ndilo ningependa msomaji alishike. Ujuzi wa kutazama gemu ni tofauti na ujuzi wa kuicheza, na unafundishika haraka zaidi. Matamasha ya Games Done Quick, ambamo wachezaji humaliza gemu kwa kasi ili kuchangisha fedha za msaada, yamejengwa juu ya jambo hilo. La kwanza lilifanyika Januari 2010 na kukusanya dola zisizozidi 11,000 za msaada. La Januari 2022 lilikusanya zaidi ya milioni 3.4 kwa ajili ya kuzuia saratani. Ukitazama tamasha lao linalofanyika ukumbini, utaona nyuma ya mchezaji kuna kochi, na kwenye kochi wamekaa wenzake wanaoeleza: hapa anapita ukutani kwa sababu kadhaa, hapa akikosea kwa fremu moja amepoteza mbio zote. Baada ya nusu saa mtazamaji ambaye hajawahi kuigusa gemu ile anajua cha kuogopa na cha kushangilia. Video ndefu za mtengeneza video anayeitwa Summoning Salt, zinazosimulia historia ya rekodi moja tangu ya kwanza hadi ya sasa, hufanya kazi hiyohiyo, nazo hutazamwa na mamilioni ambao wengi wao hawana nia ya kuvunja rekodi yoyote.

Yapo hata mambo ndani ya gemu za zamani ambayo yanatazamika tu, hayachezeki. Januari 2016 mtu anayetumia jina la pannenkoek2012 alitoa video ya kama dakika 25 akieleza jinsi ya kupata nyota moja ya Super Mario 64, gemu ya mwaka 1996, kwa kubonyeza kitufe cha kurukia pungufu ya mara moja kamili: kitufe kimeshabonyezwa kabla ya kuingia kwenye hatua, kinashikiliwa, kisha kinaachiwa panapohitajika. Njia yake inahitaji mhusika ajenge mwendo kwa saa 12 akiwa mahali pamoja, mpaka kasi ziwe kubwa kiasi kwamba hesabu za gemu zinamwona yuko kwenye ramani nyingine zilizo nakala ya ile ya kweli. Amri zake zilipangwa fremu kwa fremu kwa msaada wa kompyuta. Hakuna aliyetazama video ile ili akajaribu nyumbani. Waliitazama kwa sababu ni maelezo safi ya namna kitu kinavyofanya kazi kweli, na mamilioni ya watu waligundua kwamba wanapenda kuelezwa hivyo.

Kuna kulinganisha kunakofanywa mara nyingi na mpira wa miguu: wanaotazama ni wengi kuliko wanaocheza, na hakuna anayesema mpira umekufa. Ulinganisho huo unasaidia, ila una kasoro. Sheria za mpira zinajulikana na karibu kila mtu, na karibu kila mtu amewahi kuupiga. Gemu ya zamani lazima ifafanuliwe upya kwa kila kizazi. Ndiyo maana mfafanuzi, yule wa kwenye kochi, ana uzito mkubwa kuliko alio nao mtangazaji wa mpira. Bila yeye hakuna tamasha.

Upande wa pili wa utazamaji unahusu watu wanaoshindwa, na nautaja kwa ufupi tu kwa kuwa unajieleza. Tangu mwaka 2003 televisheni ya Japani imekuwa na kipindi cha GameCenter CX, ambamo mchekeshaji Shinya Arino anahangaika na gemu za zamani kwa saa nyingi. Hana ustadi wa pekee. Anafanya makosa ambayo sisi wote tuliyafanya, na watazamaji wanamwonea huruma kwa sababu wanalijua shimo analotumbukia. Wanaotiririsha leo, yaani wanaorusha uchezaji wao moja kwa moja mtandaoni, wakilalama mbele ya hatua ngumu ni wajukuu wa kipindi hicho, wajue wasijue.

Pale ambapo watazamaji hugeuka wachezaji

Kama uzee peke yake ungefukuza wachezaji, Age of Empires II, gemu ya kujenga himaya na kupigana ya mwaka 1999, ingekuwa tupu. Haiko tupu. Ilitolewa upya mwaka 2019, ikapewa seva (kompyuta za kuwaunganisha wachezaji mtandaoni), marekebisho na mataifa mapya ya kuchezea, na kila siku makumi ya maelfu wamo ndani. Old School RuneScape, iliyozinduliwa mwaka 2013 kutokana na gemu kama ilivyokuwa mwaka 2007, imewahi kuwa na zaidi ya watu laki moja kwa wakati mmoja. Gemu hizi zina mtu wa kuzihudumia. Kompyuta ya kawaida inazifungua, mwenzako wa kucheza naye anapatikana, na kuna sababu ya kurudi wiki ijayo.

Mfano unaonishawishi zaidi ni Super Smash Bros. Melee, gemu ya mapigano ya mwaka 2001. Kwa miaka mingi ilitazamwa na umati kwenye mashindano, lakini kuicheza vizuri kulihitaji mashine ya GameCube, TV ya chogo na mpinzani aliyekaa kando yako, maana kwa njia ya mtandao ilichelewa kiasi cha kutofaa. Mwaka 2020 kundi la mashabiki lilitoa Slippi, programu inayoiwezesha kuchezwa mtandaoni bila ucheleweshaji ule wa kuudhi. Watu waliokuwa wakitazama tu walianza kucheza. Mapenzi yalikuwepo muda wote. Kilichokosekana kilikuwa mlango.

Among Us inathibitisha hayo kutoka upande wa pili. Ilitoka mwaka 2018 bila kelele. Mwaka 2020 watiririshaji wakaichukua, watazamaji wakaipenda, na kwa kuwa kwenye simu ilikuwa bure, mtu aliweza kutoka kwenye video na kuingia kwenye gemu bila kununua chochote. Wakaingia kwa mamilioni. Kwa hiyo kutazama hakuui hamu ya kucheza. Pale pengo linapobaki kubwa kwa miaka, ni busara kuuliza kwanza nini kimefungwa.

Wachache wanaobeba wengi

Pamoja na kuwatetea watazamaji, kuna jambo ambalo siwezi kuliacha. Utazamaji wote huu unasimama juu ya mabega ya kikundi kidogo sana. Rekodi mpya haipatikani bila mtu aliyejaribu mara elfu. Kasoro mpya haigunduliwi bila mtu aliyeigeuza gemu ndani nje usiku kucha. Kwa baadhi ya gemu watu hao hawazidi kumi duniani kote, na wakichoka, video mpya zinakoma. Zinabaki zile za zamani, zinazorudiwa.

Na watu hao wanahitaji gemu yenyewe, inayofunguka na kufanya kazi. Video haiwezi kuwasaidia. Video inaonyesha kilichotokea mara moja, kwa njia moja. Huwezi kuiuliza ingekuwaje kama mhusika angeruka kushoto.

Ndiyo maana nasikitishwa na uamuzi uliotolewa Marekani Oktoba 2024. Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa ombi la kuruhusu maktaba na hifadhi ziwafungulie watafiti, wakiwa mbali, gemu ambazo haziuzwi tena. Wawakilishi wa kampuni za gemu walipinga wakihofia kwamba watu wangezitumia kujiburudisha. Hofu ya soko naielewa, lakini gemu inayozungumziwa hapa ni ile ambayo mwenye mali ameacha kuiuza. Kwa hiyo mtafiti anasafiri hadi ilipo, au anabaki na video.

Hali ni mbaya zaidi kwa gemu zinazotegemea seva ya mtengenezaji. The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, ilizimwa na Ubisoft tarehe 31 Machi 2024. Waliokuwa wameinunua walibaki na diski ambayo haifungui chochote, hata kwa mtu anayetaka kuendesha peke yake. Video zake ziko tele mtandaoni na zinaendelea kutazamwa, huku njia rasmi ya kuicheza ikiwa haipo kabisa. Kuzimwa huko kulizaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott, na mwaka 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja. Halidai seva ziendeshwe milele. Linataka mtengenezaji, siku anapoamua kuondoka, aiache gemu katika hali ambayo aliyeinunua anaweza kuendelea kuifungua.